Gata, mifupa ya ng'ombe na maji ya watoto: wiki yangu nyuma ya Mlima Meru

JUMATATU, Arusha mpaka Ngurdoto

Kwanza mjue mimi ni fundi gata na matanki, sio daktari wala sio mtu wa miradi, kazi yangu ni kuhakikisha mvua ya kwenye bati inaingia kwenye tanki na sio kwenye msingi wa nyumba. Safari hii nimeitwa na kina mama wa vikoba wa Ngarenanyuki. Wamechanga muda mrefu, watoto wao walioko Arusha mjini na Dar wakaongezea, ikapatikana hela ya simtanki la lita 5,000 la darasa la awali pale kanisani, na gata na matanki madogo ya nyumba chache kwa kuanzia, zingine zitafuata kwa mzunguko kama vikoba vyenyewe vinavyokwenda. Sharti lao ni moja, hayo maji ni ya kunywa na kupikia watoto, sio ya kufulia, sio ya ng'ombe, sio ya kumwagilia nyanya.

Sababu ni meno yetu kuwa ya kahawia. Mtu wa huku kwetu hahitaji kuelezwa, we ukifika Dar ukacheka tu wanakuuliza umetokea Arusha nini. Ila meno ndio yanayoonekana, kuna wazee wa huku hawawezi kugeuza shingo vizuri, viungo vimekaza, na kuna watoto miguu imepinda mpaka unajiuliza anafikaje shule. Yote hayo ni floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji.

Asubuhi nimeshinda soko la Kilombero hapa Arusha mjini nanunua vitu, mabomba ya PVC, elbo, klipu za gata, koki, gundi, nikabishana na muuzaji koki mpaka mate yakakauka maana kina mama wameniambia kila shilingi lazima iwe na risiti. Tanki limetangulia kwenye fuso lililokuwa linarudi tupu, yale yanashusha nyanya mjini usiku na asubuhi yanapanda yakiwa hayana kitu. Sisi tuko watatu: mimi, chalii wangu anayenisaidia, na dada mmoja wa maabara aliyesoma Nelson Mandela pale Nambala, Tengeru. Ndio chuo cha Dk. Askwar Hilonga, yule aliyechukua tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake la maji. Dada yeye hajatengeneza chujio, amebeba boksi la vipimo, na njia nzima amelipakata kama mtoto mchanga, konda alipotaka kuliweka kwenye buti aliangaliwa jicho moja akanyamaza.

Tulishuka Maji ya Chai tukaingia Ngurdoto. Pale kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, cha siku nyingi tu, na watu wengi wa Arusha wanakipita kila siku hawajui wanafanya nini. Wanachoma mifupa ya ng'ombe. Kweli kabisa, mifupa ya machinjioni, inaingia kwenye tanuru inachomwa kwa hewa kidogo mpaka inakuwa mkaa, inasagwa chenga chenga, inawekwa kwenye ndoo yenye koki, maji yakipita floraidi inashikwa na ule mkaa wa mifupa. Nilitaka kuona rangi kwa macho yangu maana niliambiwa kila kitu kiko kwenye rangi. Mkaa mzuri ni mweusi tii. Ukiwa wa kahawia haujaiva, huo ndio unatoa maji yananuka na yana unjano, mtu akionja mara moja hagusi tena maisha yake yote na majirani wote wanapata habari. Ukiwa mweupe umepitiliza, maji hayanuki ila nguvu ya kushika floraidi imepungua sana. Yaani tanuru ikienda vibaya kidogo tu, ndoo ni ile ile lakini kazi haifanyi, na wewe mnywaji hutajua chochote.

Nikauliza mkaa unakaa muda gani. Inategemea maji yako makali kiasi gani na unachota kiasi gani, ukichoka unatoa unaweka mwingine. Hapo ndipo nikaona kwa nini kina mama walichagua bati. Ndoo ya mifupa inataka mtu wa kuifuatilia miaka yote, wa kupima, wa kuleta mkaa mpya. Gata inataka ngazi na ufagio.

Tumelala Usa River.

JUMANNE, kupita hifadhini

Barabara ya Ngarenanyuki inapita ndani ya Hifadhi ya Arusha, kwa hiyo wanakijiji wa huko wanaona twiga wakienda kuuza vitunguu, wao hata hawageuzi shingo. Chalii wangu ndio mara yake ya kwanza, pale Serengeti Ndogo alipoona nyati na pundamilia pamoja simu ilijaa picha kabla ya Momella. Maziwa ya Momella yanapendeza balaa, flamingo wamejaa pembeni. Dada akaniambia hayo maji usiyaonje hata kwa bahati mbaya. Kuna utafiti ulichapishwa 1984 uliopima maji ya kaskazini yetu, mito ilikutwa na miligramu 12 mpaka 76 za floraidi kwa lita, chemchemi 15 mpaka 63, na madimbwi na maziwa ya magadi 60 mpaka 690. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 1.5. Serikali yetu mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha 8 kwa maji ya vijijini, maana wangesema 1.5 wangefunga visima karibu vyote vya ukanda huu watu wakanywe nini? Baadae ikashuka 4, sa hivi na sisi tuko 1.5. Kwenye karatasi.

Nikamuuliza inatoka wapi yote hiyo. Mlima wenyewe. Meru ni volkano, mawe na majivu yake yana floraidi, maji yakipita humo chini yanaibeba, na haya maji yetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kalsiamu ndio ingeikamata ikatuama chini. Kwa hiyo inabaki inaelea mpaka kwenye kikombe chako. Na haiko sawa kila mahali, kisima hiki kinaweza kuwa na nafuu, cha jirani hatua chache tu kikawa sumu kabisa, bila kupima unabahatisha.

Tumefika mchana, kuna vumbi la hatari. Upande huu wa mlima mvua ni ya kubahatisha, ukivuka tu kutoka Usa unaona kijani inaisha, yanabaki mashamba ya nyanya na vitunguu yanayomwagiliwa na mifereji. Mwenyeji wetu, mama mweka hazina wa kikundi, alitupokea na loshoro, chakula cha huku, na baba mkwe wake mzee sana akatusimulia habari za 1951, wakoloni walivyowatoa Wameru hapa Ngarenanyuki wakawapa ardhi walowezi, na Mmeru mwenzao Kirilo Japhet alivyopelekwa mpaka New York 1952 kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Anasimulia huku anakupiga piga goti ukionekana unasinzia. Ardhi ilirudi, akasema, sasa haya maji tumshtaki nani? Watu wakacheka. Mwenyewe hakucheka.

Jioni dada akafungua boksi, nusu ya kitongoji imezunguka meza. Kipimo chake ni dawa nyekundu, unaweka kwenye maji, floraidi ikiwepo inaila ile rangi, kadiri wekundu unavyofifia ndivyo floraidi ilivyo nyingi, halafu kuna kimashine kidogo kinasoma kufifia kwenyewe. Amepima maji ya mto, ya kisima kimoja, na ya mvua yaliyokuwa yamebaki kwenye pipa la bibi mmoja. Ya mto na kisima wekundu ulikatika wote, mashine ikakataa kusoma, ikabidi achanganye sehemu moja ya maji na sehemu tisa za maji safi ya maabara ndio isome. Ya mvua ilibaki nyekundu kama mwanzo.

Watu walishangaa kitu kimoja. Maji ya kisima ndio yalikuwa masafi kuliko yote, meupe, ya baridi, hayana harufu. Ya pipa yalikuwa na majani mawili na mdudu.

Bibi mwenye pipa akauliza, "Mwanangu, sisi tunachemsha maji tangu enzi za mabwana afya, mbona wajukuu meno yanakuwa hivi hivi?"

Dada akajibu kwa adabu, "Bibi, kuchemsha endelea, kunaua vijidudu vya kuharisha. Ila floraidi haifi kwa moto. Maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe inabaki, kwa hiyo yaliyobaki yanakuwa makali zaidi."

Bibi akakaa kimya, halafu akasema kumbe tumekuwa tunawapikia. Akachukua pipa lake akalifunika na sinia.

JUMATANO, kazi

Leo ni ufundi tu, asiyependa habari za gata aruke aende Alhamisi.

Jengo la darasa la awali lina bati la migongo midogo, fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, imeoza upande mmoja ikabidi tubadilishe, gata haishiki kwenye ubao uliooza. Nikafunga kamba na pima maji, kila mita gata inashuka kama nusu sentimita, ukiilaza sawa maji yanatuama mbu wanazaliana, ukiizidisha mteremko mvua kubwa inarukia nje. Kwenye bomba la kushukia nikaweka kipande kirefu cha PVC kimesimama kimefungwa chini na mfuniko wa kuzungusha, maji ya kwanza ya mvua yenye vumbi na mavi ya ndege yanajaa humo kwanza, kikijaa ndio yanayofuata yanaingia kwenye tanki. Baada ya kila mvua mtu anafungua mfuniko anamwaga. Ni kitu cha hela ndogo sana na kila ninapokwenda nakuta hakipo. Mdomo wa tanki nikafunga wavu wa mbu.

Mwalimu wa darasa, kijana mchapakazi, akaniomba nimwonyeshe hesabu ili awaeleze wazazi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati lake ni kama mita 8 kwa 6, yaani 48, mvua ya milimita 10 inakupa lita 480, toa zinazopotea weka 400. Sasa matumizi. Watoto kama 30, kila mmoja lita moja ya kunywa na uji, lita 30 kwa siku, tanki la 5,000 likijaa linakwenda siku 160 na ushee za shule. Mwalimu akapiga hesabu upya na simu yake, akapata hiyo hiyo, akaiandika ubaoni kwa chaki ya bluu. Na ndio hoja ninayowaambia watu kila siku, ukitaka kusafisha maji yote ya kijiji utasubiri mradi wa mabilioni, lakini mdomo wa mtoto haunywi maji yote ya kijiji, unakunywa kidogo sana, hayo kidogo yatenge. Bomba kubwa la maji mazuri kutoka mbali likija lije, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Ila jino la mtoto halisubiri mkandarasi.

Alikuja baba mmoja ana ng'ombe wanne, akauliza tanki kubwa hivi watoto watalimaliza lini, si mifugo ipate hata ya asubuhi. Kabla sijafungua mdomo mama mweka hazina akamwambia, "Baba Neema, ng'ombe wako ana meno ya kutabasamia?" Akaondoka anacheka mwenyewe.

Mchana nikapanda nyumba ya kwanza kwenye orodha, ya mwenyekiti wa kikundi, bati zuri la kisasa, kazi nyepesi. Nyumba za chini kule kwa Wamasai sikuweza kufanya kitu, za nyasi na udongo gata unafunga wapi. Wao wanachota kwa punda, madumu manne manne, na mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni alisimama muda mrefu anaangalia tanki la kanisani halafu akauliza kwa upole kama na wa kwake atapata au ni ya wanaosoma hapa tu. Nikamwambia mama yangu, mimi fundi tu, njoo kwenye kikao kesho.

ALHAMISI, zahanati na kikao

Hii ndio siku yenyewe.

Asubuhi ilikuwa kliniki ya mama na mtoto, kina mama wamepanga foleni na kadi za watoto, wengine wametoka mbali usiku usiku. Nesi aliomba dada wa maabara aongee wakati watu wanasubiri kupima uzito. Mi nilikuwa pembeni narekebisha koki ya sinki inayovuja (bure, na chai nikapata), kwa hiyo nilisikia yote.

Dada akaanza na magadi. Huku makande na maharage bila magadi hayaivi, kuni ni shida, magadi yanalainisha haraka, kila jiko lina kipande chake cha kijivu kwenye kopo. Na magadi yenyewe yana floraidi. Kuna sehemu watafiti walikuta watoto wana meno ya kahawia wakati maji yao yana floraidi kidogo tu, wakaja kugundua ni magadi ya kwenye chakula. Kelele ikaanza. Mama mmoja akasema, "Sasa dada yangu, maji usinywe, magadi usitie, tule mawe?" Na alikuwa na haki, we ukae mjini na gesi yako umwambie mtu achemshe makande siku nzima kwa kuni za kubeba kichwani. Nesi ndio aliyeokoa. Akasema loweka mahindi na maharage usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, yataiva mapema, na ukishindwa kabisa toa chakula cha mdogo kwenye sufuria yake, magadi watie wakubwa. Wengi walitikisa kichwa kwamba hilo linawezekana. Wengine walikaa na sura ya kusema tutaona.

Halafu likaja lile lililogeuza mpango mzima. Mama mmoja ana mtoto wa darasa la awali, miaka mitano na nusu, akauliza kwa hiyo sasa tanki limekuja meno yake yatatoka meupe? Dada akavuta pumzi. Akaeleza kwamba jino haliharibiki likiwa nje, linaharibika likiwa bado linajijenga ndani ya fizi. Meno ya ukubwani ya mbele, yale yanayoonekana mtu akicheka, ganda lake linajengwa mtoto akiwa na mwaka mmoja mpaka mitatu hivi. Ya nyuma yanaendelea mpaka kwenye miaka minane. Likishatoka limetoka, usugue na mkaa, na mchanga, na majivu, unamaliza ganda tu. Kwa hiyo wa miaka mitano anasaidika meno ya nyuma, na mifupa yake inasaidika, hiyo sio kidogo. Ila ya mbele yameshaamuliwa tayari.

Kimya.

Yaani tanki kubwa tumeliweka shuleni kwa watoto ambao nusu ya kazi imeshapita, na wenye mwaka mmoja, miwili, wale waliokuwa wanalia kwenye mizani pale pale, wako nyumbani wananyweshwa uji wa maji ya kisima. Nilimwangalia mama mweka hazina, alikuwa anaandika kitu kwenye daftari halafu anakikata.

Nesi akaongeza la kuwatia moyo, kwamba maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji makali, mwili unayachuja. Kwa hiyo anayenyonyesha miezi sita bila kumpa mtoto hata kijiko cha maji, huyo amelindwa na hajalipa senti. Hatari inaanza siku ya uji. Akawauliza nani hapa anampa mtoto mchanga maji ya kunywa kwa sababu ya joto, mikono ikapanda michache halafu ikashuka haraka haraka.

Kikao cha kikundi kilikuwa jioni kanisani na kilichukua masaa mpaka taa za sola zikawashwa. Orodha ya matanki ya nyumba ilikuwa kwa zamu ya vikoba, yaani namba uliyookota kwenye kikaratasi. Mama mdogo mmoja, ana mapacha wa mwaka na nusu, namba yake ya kumi na tisa, akasimama akasema shikamooni mama zangu, akaomba orodha ipangwe kwa umri wa mtoto mdogo wa kila nyumba. Pakachafuka. Kuna waliosema mzunguko ni mzunguko, ukivunja leo kwa ajili ya meno kesho utavunjwa kwa ajili ya msiba, kesho kutwa harusi, kikundi kimekufa. Mi naona hawa hawakuwa na roho mbaya, vikoba vingi vimekufa hivyo hivyo. Wengine wakasema hela tulichangia watoto, hatukuchangia kikaratasi. Wakaahirisha mpaka Jumamosi.

IJUMAA

Alfajiri ikanyesha. Nilitoka na kandambili na tochi kuangalia gata, jirani wakadhani nimechanganyikiwa. Sehemu moja ya kiungo ilidondosha, nikaifunga asubuhi. Bomba la maji ya kwanza lilijaa maji rangi ya udongo, baada ya hapo tanki likaanza kupokea meupe. Mvua yenyewe haikuzidi nusu saa, vuli ya huku ndio hivyo.

Baadae tukaenda shule moja njiani, sitaitaja, walisikia kuna fundi. Wana mtambo wa kuchuja floraidi uliojengwa na mfadhili flani, mapipa mawili makubwa ya zege, bango la uzinduzi bado linasomeka vizuri. Mwalimu mkuu akasema unafanya kazi, watoto wanakunywa hapo kila siku. Dada akapima maji ya kuingia na ya kutoka. Yamelingana. Mkaa umeshashiba zamani, hakuna aliyeachiwa kipimo, hakuna aliyeambiwa siku ya kubadilisha wala hela itatoka fungu gani. Na huo mtambo ni mzuri, ufundi wake siwezi kuulaumu, nimeukagua zege halina ufa hata mmoja. Mwalimu mkuu alinyong'onyea mpaka tukamwonea huruma, yeye kahamia hapo ameukuta. Dada amemwandikia barua ya kupeleka Ngurdoto kuulizia mkaa mpya, mimi nimempigia hesabu ya gata za madarasa mawili.

JUMAMOSI, kikao tena

Walikuja wengi kuliko Alhamisi, na kina baba wakasimama dirishani. Mwenyekiti wa kitongoji alialikwa kama shahidi, akakaa mbele na rungu lake hakusema neno.

Walianza na rahisi, la shule. Tanki la kanisani litahudumia darasa kama kawaida, ila kila jioni koki inafunguliwa kwa nyumba yenye mtoto aliyeanza uji mpaka miaka minne, lita tano, awe wa kikundi au sio wa kikundi, bati au nyasi. Yule mama kijana wa Kimasai alikuwa amekaa nyuma kabisa, akatafsiriwa na shemeji yake, akauliza dumu aje nalo mwenyewe? Aje nalo. Mwalimu akasema itabidi afanye hesabu upya, siku 160 haziwezi kufika, akaambiwa likiisha limeisha, tutajua pa kuongeza lingine. Funguo mbili, moja kwa mwalimu, moja kwa mama anayekaa jirani na kanisa. Baba Neema akauliza dirishani kama wa miaka tisa hahesabiki, wa kwake goti limeanza kupinda. Hapo dada akasema huyo aandikwe na aende zahanati Jumatatu asisubiri, mifupa haina habari na umri wa jino. Akaandikwa.

Halafu orodha. Walibishana, wakaimba, wakabishana. Mwisho mama mweka hazina akapendekeza kikaratasi kibaki kwa mikopo na hela zote za kikundi kama zamani, ila matanki yawe na daftari lake peke yake, na daftari hilo liende kwa umri wa mtoto mdogo wa nyumba. Mikono ikahesabiwa, ikapita. Mapacha wakatoka namba kumi na tisa wakaenda mbili.

Moja hakuigusa mtu. Mwenyekiti wa kikundi gata yake imeshafungwa tangu Jumatano na hana mtoto mdogo nyumbani, mwisho wake yuko kidato cha pili. Akasimama, akapanga kitenge, akasema, "Mimi nimechanga tangu siku ya kwanza mkiwa mnanikopa nauli, kwenye namba moja sitoki. Ila tanki langu liko njiani, mwenye mdogo apite achote, mbwa nitamfunga." Wakapiga vigelegele.

Nimelala mapema maana kesho fuso la nyanya linaondoka saa tisa usiku na limeahidi kutubeba. Nina orodha ya kununua Kilombero: simtanki za lita 1,000 tatu, gata za mita nne nne, klipu, wavu wa mbu, koki za shaba badala ya plastiki maana dogo mmoja ameshaning'inia kwenye ile ya kanisani, na mita nane za fisha bodi kwa ajili ya nyumba ya mapacha, nimeenda kuiona jioni, kenchi ziko vizuri ila ubao wa mbele wote umeliwa na mchwa.